Chakula cha Saa Nne Usiku

Mvara, Arua
5 Mei 2024

Mdogo wangu Sumayah,

Nakusalimu wewe, shemeji Kabiru na mama mkwe wako. Sisi huku tu wazima. Baba bado anakohoa, lakini juzi alimfokea fundi wake wa cherehani mpaka majirani wakatoka nje, kwa hiyo tumejua amepona. Mama amepanda karanga nyuma ya nyumba na hataki kuku wa mtu yeyote apite karibu. Mimi niko mwaka wa mwisho wa uuguzi, leo wodini, kesho darasani. Chumbani ninakaa na Stella Kiden, yule msichana wa Yei niliyekuambia. Anaimba akifua, na sauti hana.

Sasa nisikilize. Swadiki, yule dereva wa Koboko, alipoleta mzigo wa Baba na gari lake nilimuuliza habari zako. Akakuna kichwa. "Sumayah iko," akasema, "lakini kila saa nakuta yeye nalala. Nalala kwa kiti, nalala kwa gunia. Juzi mimi naita yeye mara tatu."

Wewe ndiye uliyekuwa unatuamsha wote nyumbani kwa kurusha mpira ukutani alfajiri. Nini kimetokea? Netiboli bado unacheza? Ulipoolewa uliniambia Koboko wana timu ya wanawake na wamekupokea.

Najua simu ya nyumba hiyo ni moja na kila mtu anaisikiliza. Ndiyo maana naandika. Mpe Swadiki jibu, hafungui bahasha ya mtu.

Dada yako,
Kaltumu

*

Koboko
19 Mei 2024

Dada Kaltumu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Mwambie Baba anywe tangawizi hata kama hapendi. Kabiru anakusalimu, biashara ya sabuni inaenda, siku nyingine mpaka mpakani na kurudi. Mama mkwe anasali kwa kukaa sasa kwa sababu ya magoti. Tumepata mbuzi mapacha, mmoja mweusi kabisa.

Swadiki anapenda maneno. Mimi mzima. Tunaamka mapema kukanda unga, maana mandazi lazima yawe kibandani kabla ya wanafunzi kupita. Na usiku tunakula tukishatimia wote, saa nne, siku nyingine imepita. Ukishakula hivyo na kuosha vyombo, unalala tumbo limejaa, kiungulia kinapanda, unageuka huku na huku, mara wanaadhini. Mchana usingizi unakuja wenyewe. Si ugonjwa.

Netiboli nimepumzika kidogo. Mwenzangu Night ndiye nahodha sasa. Nikikimbia miguu inakuwa kama ya mtu mwingine.

Mbona huji kututembelea? Kutoka Arua si safari. Tangu niolewe hujawahi kukanyaga hapa.

Mdogo wako,
Sumayah

*

Mvara
8 Juni 2024

Mpenzi Sumayah,

Hapa salama. Wale mbuzi mapacha wapelekee salamu zangu. Stella amefaulu mtihani wa dawa na amepika bamia kavu kusherehekea. Ilikuwa na chumvi ya kuua mtu, tukaimaliza.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Ngoja nikueleze jambo tulilofundishwa, na usiseme najitia udaktari. Mwili una saa yake ndani. Mwanga unairekebisha, na chakula pia. Ukikaa siku nzima na chai tu, kisha ukashindilia chakula chote usiku, tumbo linaanza kazi wakati wewe unataka kulala. Usingizi unakatika. Kesho yake huna nguvu za kutembea wala kucheza, na kwa kuwa hukuutumia mwili, usiku ukija usingizi nao hauji vizuri. Mambo hayo yanafukuzana. Mwalimu wetu alisema wataalamu bado wanachunguza, na miili haifanani, lakini kwa wasichana wa umri wetu ameliona sana, hasa waliotoka shule wakaingia kazi za nyumba.

Ukiweza, kula kitu cha maana asubuhi mandazi yakishaiva. Kula mchana. Na cha jioni ukile magharibi, kabla hujachoka. Jaribu wiki moja tu.

Niambie, kwa nini mnangoja mpaka saa nne? Kabiru anarudi isha, uliniambia mwenyewe.

Kuja, tutaona. Mitihani ni mingi.

Kaltumu

*

Koboko
2 Julai 2024

Dada,

Salamu kwa wote. Nisamehe kuchelewa, mvua ilikata barabara na Swadiki alilala njiani. Mbuzi yule mweusi amekufa.

Nilijaribu ulivyosema. Siku nne nilikula magharibi, jikoni, nimesimama, mgongo mlangoni. Dada, nililala! Siku ya nne nilikwenda uwanjani nikacheza mpaka Night akasema nimerudi.

Siku ya tano Mama mkwe akaingia jikoni kutafuta kiberiti akanikuta na sahani. Nilifikiri atanigombeza. Hakunigombeza. Aliitazama sahani, akanitazama mimi, akatoka nje, akakaa kwenye lango na mkeka wake katika manyunyu. Kabiru aliporudi alimkuta amelowa. Hakula kabisa usiku ule.

Sitajaribu tena. Na usiniulize sababu, tafadhali. Si jambo la kukuandikia wewe.

Mwezi wa Ramadhani watu wote wanakula usiku, na hakuna aliyekufa.

Sumayah

*

Mvara
14 Julai 2024

Sumayah,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi za wodi, na mgonjwa aliniuliza kama nimefiwa.

Ramadhani usiniletee. Ramadhani adhana ya magharibi ikilia, mtu anapata tende yake na uji wake, na usiku kuna daku. Mwezi ukiandama, imekwisha. Hata mfungo una saa ya kufungua. Nyinyi mnafunga nini?

Naona ilivyo. Wanaume wanasubiriwa, mama mkwe anasubiriwa, na mke wa mwana anakula makombo wakati mbwa wamelala. Kisha anaamshwa kukanda unga. Na ukila kwa kujificha, mtu anakaa mvuani ili ujione mwovu. Huo ni ukatili, hata kama hauna kelele. Hukulelewa hivyo. Kama huwezi kusema, nitamwambia Baba aje aseme.

Ati si jambo la kuniandikia mimi. Mimi ni nani kwako?

Kaltumu

*

Mvara
20 Agosti 2024

Sumayah,

Hii ni ya tatu bila jibu. Baba sijamwambia kitu. Maneno yangu yalikuwa makali, nayarudisha. Swadiki nikimuuliza anajifanya anakagua matairi.

Andika hata mstari mmoja.

Dada yako

*

Koboko
1 Septemba 2024

Kwa Dada Kaltumu,

Anayeandika ni mimi Night, mwenzake Sumayah wa netiboli. Maneno ni yake, mkono ni wangu, kwa sababu wake wa kulia umefungwa bendeji. Ameniambia niandike kila kitu anachosema, hata akilia. Sasa anaanza.

Dada, usiogope. Ninapona. Mwisho wa Julai nilikuwa mbele ya jiko, alfajiri, karai la mafuta limechemka. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nikigeuza mandazi. Nakumbuka nilifumba macho nikasema nayapumzisha tu. Niliposikia kelele ni zangu. Nilikuwa nimeinama mbele kwa usingizi, kigoda kikateleza, karai likapinduka. Niliungua kuanzia vidole mpaka karibu na kiwiko. Mama ndiye aliyenivuta. Alinimwagia maji, maji, maji, hakutaka mtu anipake kitu kingine, na kwa magoti yake yale alitembea na mimi mpaka kituo cha afya kwa sababu pikipiki ilichelewa.

Kwa hiyo usimwite mkatili. Uliyoandika yaliniuma kuliko mafuta. Mimi sikutaka ujue sababu, na sasa nitakuambia, maana ukinikasirikia ni sawa, lakini yeye usimchukie.

Sababu ni Yakubu.

Nimelitaja jina lake. Sisi nyumbani hatulitaji mbele yako, Baba alitukataza siku ulipofungasha nguo kwenda kusoma. Kabla mimi sijaolewa na mdogo wake, wewe ulikuwa mchumba wake, mahari yameshazungumzwa, imebaki Idd ipite mfunge ndoa. Hukulia mbele ya mtu. Tukasema basi, tusimguse.

Jioni ile lori lake lilipochomwa kwenye njia ya Juba, hapa mvua ilikuwa inakuja, na Mama akasema wawahi kula. Walikula magharibi. Vyombo vilikuwa vimeoshwa simu ilipoita. Lori lilionekana, yeye hakuonekana, wala mwili. Mwaka wa tatu sasa. Tangu siku hiyo Mama hafunui sufuria magharibi. Kabiru anarudi, anakaa, Mama anakwenda kwenye lango. Anangoja. Hasemi anamngoja nani. Saa nne ikifika anarudi ndani anasema, "Pakua." Hatulazimishi. Lakini nani atakula wakati yeye amekaa pale?

Nilipotoka kituoni alinilisha kwa mkono wake mchana, uji, samaki, mayai. Nikamwambia, "Mama, kula na mimi." Akasema, "Wewe kula. Wewe iko mugonjwa. Mimi siku ile nilikula, nikashiba. Mutoto yangu iko kwa barabara, na mimi iko nashiba."

Na mimi chakula kikanishinda.

Sumayah amechoka sasa. Mimi Night naongeza langu: amekonda, na uwanjani anakuja kukaa tu pembeni. Njoo.

*

Mvara
6 Septemba 2024

Sumayah wangu,

Barua imenifika jana. Nilimaliza zamu kwanza kisha nikaisoma, nikakaa kitandani na sare mpaka Stella akanivua viatu.

Mkono huo usiuloweshe. Malengelenge usiyapasue. Vidole uvikunje na kuvikunjua polepole kila siku hata vikiuma, la sivyo ngozi itavivuta. Kula nyama, mayai, maharage, mchana, hata kama hutaki.

Mama Yakubu mwambie namshukuru kwa maji yale. Ndivyo anavyoitwa na mji mzima, na mimi katika barua zangu zote nimemwita mama mkwe wako ili nisiliandike jina hilo.

Nilikufundisha kula magharibi. Stella anasema mimi hula kama mwizi. Kweli. Watu wakikaa kula jioni mimi natafuta shughuli, nakula peke yangu wamelala, kisha nakesha na kitabu ambacho sikisomi. Wodini wananisifu kwa kukubali zamu za usiku. Sikuwahi kujiuliza ilianza lini. Nimejiuliza jana.

Nakuja Ijumaa ijayo. Usimwambie Mama Yakubu.

Kaltumu

*

Mvara
29 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Nilirudi salama, Baba na Mama wamefurahia samaki. Mama anataka ujue kwamba karanga zimevunwa na kuku wa jirani hakupata hata moja.

Uliniuliza uliponisindikiza kwenye gari, na sikuweza kujibu mbele ya Swadiki: tulizungumza nini mimi na Mama Yakubu tulipofunga mlango. Nitakuandikia, kwa sababu nawe umelipia.

Aliniketisha kitandani kwake. Aliushika uso wangu kama mtu anayekagua kitambaa. Akaniuliza, "Kaltumu, wewe nalala usiku?"

Nikasema, "Hapana, Mama."

"Mimi pia hapana."

 Nilikuwa nimepanga hotuba nzima, saa ya mwili, tumbo, kidonda chako. Yote yalinitoka. Nikasema, "Mama, Yakubu hatakuja."

Alivuta mkono wake. "Nani nasema wewe hiyo?"

"Hakuna. Ninajua tu. Nawe unajua."

 Akapiga godoro kwa kiganja, mara moja, vumbi likaruka, akaanza kulia kwa sauti ambayo nyinyi huko nje bila shaka mliisikia. Na mimi nikalia, Sumayah. Mara ya kwanza. Nililia vibaya, pua na kila kitu, na yeye ndiye aliyenifuta kwa ushungi wake.

Alipomaliza kulia aliukunja ushungi magotini. Alisema, "Kama mimi nasomesha hitima, halafu yeye nakuja? Nakuta mama yake amemuzika?"

Nikamwambia, "Akija tutamwomba msamaha, Mama. Na tutampikia."

Akasema atafikiri. Akasema chakula chako wewe kisingoje tena, hilo halina mjadala, hata kama itabidi akupe amri. Kisha akaniuliza kama wodini kuna kijana mwema. Nikacheka, na nikajiona sina aibu kucheka humo ndani.

Nimekaa na Stella magharibi siku mbili tatu hizi. Siwezi kusema nimeshiba. Lakini nimekaa. Jana tulitembea baada ya kula mpaka karibu na kilima cha Arua na kurudi. Nililala kidogo. Leo si sana.

Kaltumu

*

Koboko
24 Novemba 2024

Dada yangu Kaltumu,

Huu ni mwandiko wangu mwenyewe, uone ulivyopinda. Kidole kidogo bado hakikunjiki chote, vingine vyema. Pole kwa mitihani, na hongera kwa kumaliza. Baba alisema ulitoka chumba cha mtihani ukakaa chini palepale kwenye nyasi.

Usitulaumu kwamba hitima ilisomwa bila wewe. Kabiru alisema tungoje umalize mitihani. Mama akamjibu, "Mimi nimengoja imetosha. Hata wiki moja hapana." Akatuma watu kwa sheikh asubuhi ileile. Ilikuwa Ijumaa. Walikuja wengi, na madereva wa malori walikuja, wale waliokuwa wanasafiri pamoja naye, wakakaa pamoja upande mmoja, watu wazima na mikono yao mizito mapajani. Mmoja alisimama akasema Yakubu alikuwa anagawa maji yake njiani hata kwa asiowajua. Mama hakuwa amewahi kusikia hilo. Aliomba alirudie. Sheikh alipotaja jina la Yakubu na la baba yake katika dua, Mama alikuwa imara. Aliyeanguka ni Kabiru. Miaka yote hii tulikuwa tunamtazama mama, hatukumtazama ndugu.

Chakula kililiwa alasiri, jua likiwaka. Mama alikula wali kwa mkono, kidogo kidogo, na Mama yetu wa Arua ameketi ubavuni.  Katikati Mama Yakubu alitoka, nikajua anakwenda kwenye lango. Alikwenda, akasimama, akarudi, akaketi, akaendelea kula.

Usidhani tangu hapo ni furaha tu. Wiki ya kwanza alikaa kitandani. Siku moja aliniambia hitima ilikuwa kosa na kwamba tumemtupa mtoto wake. Nilikaa naye tu.  Siku nyingine jioni anachukua mkeka bila kujua, anafika mlangoni, anauangalia, anaurudisha. Lakini tunakula magharibi sasa. Atakayechelewa anawekewa chake jikoni.

Mimi naamka kukanda unga kama zamani, na siku ni ngumu vilevile, lakini macho yako wazi. Kigoda nimekiweka mbali na jiko. Jumanne na Alhamisi naenda uwanjani. Kushika mpira kunauma, kwa hiyo Night ananiweka nyuma nikimbie na kuzuia, na sijapitwa ila na msichana mmoja wa Yumbe mwenye miguu ya korongo. Nikirudi naona njaa ya kweli, ile ya mtu aliyekimbia. Ukishalala na njaa imeondoka na tumbo limetulia, dada, hujui hata uliwekaje kichwa.

Jambo moja la mwisho nililokuwekea. Juzi gari lilimharibikia Kabiru mpakani. Aliwaomba watu wampigie Mama simu, haikupokelewa. Akatembea nusu ya njia, akabebwa nusu, akafika saa ambayo hata mbwa hawakubweka. Akabisha. Akamwita Mama, akaniita mimi, akagonga bati kwa jiwe. Mwisho akalala juu ya maboksi ya sabuni barazani, amejifunika turubai.

Alfajiri Mama ndiye aliyefungua mlango, ana birika la udhu mkononi. Akamkuta pale. Nilikuwa nyuma yake na unga wangu. Nilishika ukuta, kwa sababu mtoto wake alikuwa barabarani usiku mzima, na mlango ulikuwa umefungwa.

Alimtazama sana. Kabiru akasema, "Mama, niligonga mpaka nikachoka."

Mama akaweka birika chini. Akasema, kama mtu anayejishangaa mwenyewe, "Pole, mwanangu. Mimi nililala."

Mdogo wako,
Sumayah